Rota Iliyobaki Gatini

Kamba ya nyuma ya meli ilikuwa imeshaachiwa, na mabaharia wawili walikuwa wanavuta ngazi, nami bado namtafuta Dakika nyuma yangu. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa anapanda nyuma yetu, mkono mmoja kwenye kamba ya ngazi, mwingine umebeba begi lake la kijani. Nilipogeuka nilimwona Kijiko, na nyuma ya Kijiko hapakuwa na mtu.

"Yuko wapi?"

Kijiko alielekeza chini kwa kidevu, maana mikono yake yote ilikuwa na vikapu vya chakula.

Alikuwa gatini. Amesimama kando ya baba yake, amemshika kiwiko kama mtu anayezuia kikombe kisianguke mezani. Shangazi yake alikuwa pembeni yao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amenyamaza. Dakika hakulia wala hakupunga mkono. Aliinua uso akanitafuta katika ile safu ya watu walioegemea ukingo wa meli, na alipoyapata macho yangu akasema neno moja. Kwa ile honi sikulisikia, lakini nililisoma midomoni.

"Tangulieni."

Neno la mtu aliyesahau mwavuli sebuleni. Kwa ujinga wangu nikangoja, nikadhani atachukua hicho alichosahau kisha apande. Ule mwanya wa maji ulikuwa upana wa kitanda, ukawa upana wa chumba, ukawa upana wa barabara. Yeye bado amesimama, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti.

Safari ile ilikuwa ya watu wanne. Wa kwanza Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka kumi na tatu bila kukanyaga hata mto mmoja kati ya ile aliyoichora ubaoni. Wa pili Kijiko, mpishi wa hospitali, ambaye kwa sababu ya wagonjwa wake alikuwa hajatia chumvi ya kutosha kwenye chungu tangu aajiriwe, na hamu yake kubwa ilikuwa kupikia watu wasioumwa. Mimi nilikuwa fundi na dereva wa gereji, na waliniita Gurudumu kwa sababu hawakuwahi kunikuta nyumbani. Wa nne ndiye yeye, fundi wa saa. Tulimwita Dakika kwa kuwa ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, alijibu "dakika," hata kama ilikuwa kazi ya wiki mbili.

Gari tulilinunua likiwa bovu, gari la mikate la zamani, tukalitengeneza uani nyuma ya gereji kwa miaka mitatu, Jumapili kwa Jumapili. Injini ikipata moto lilinukia unga. Mpango ulikuwa mwepesi kwa kuutamka. Gari litangulie kwa meli ya mizigo, sisi tulifuate kwa meli ya abiria, tulichukue ng'ambo, tuendeshe siku sitini kutoka bahari ile hadi bahari nyingine, kisha turudi. Mwalimu alikuwa na likizo ya siku themanini, na hizo ishirini za ziada alikuwa amezigawa kwa kalamu nyekundu.

Dakika nilimjua dukani kwa baba yake. Saa yangu ya mkononi iliingia maji, nikaipeleka. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta na lenzi jichoni, na alipoinua uso kunitazama alisahau kuitoa, kwa hiyo nilitazamwa na jicho moja la kawaida na jingine kubwa kama la ng'ombe. Sijawahi kuonwa vizuri namna ile. Saa ikapona. Baada ya wiki moja ikasimama tena, nikairudisha. Ikasimama tena. Mara ya nne alifungua mfuniko, akanusa.

"Saa hii ina adui," alisema.

"Nani?"

"Mtu mwenye grisi vidoleni, na bisibisi kubwa kuliko kazi yenyewe."

"Labda anatafuta sababu ya kurudi."

"Mwambie duka lina mlango. Anaweza kuingia bila kuvunja kitu."

Ndivyo nilivyoanza kuingia bila kuvunja kitu. Mwaka mzima nilikaa kwenye kiti cha wateja nikimtazama akiokota kwa kibano vitu ambavyo mimi sikuviona kabisa. Kila saa ilikuwa na bahasha yake, kila bahasha jina la mwenyewe. Chini kabisa kulikuwa na droo ya saa zisizochukuliwa, nyingine zimelala humo kabla yeye hajazaliwa. Mzee wake hakuuza hata moja. Alisema mwenye saa hajachelewa mpaka afe, na hata akifa ana watoto.

Nilipopeleka posa, shangazi alipinga kwa siku nne mfululizo. Alisema mwanamume mwenye nyumba ya magurudumu, siku ukimkasirisha anaondoka na nyumba yenyewe. Aliposikia kuhusu safari, na kwamba harusi itakuwa tukirudi, alikalia kigoda mlangoni akasema atakayepita na begi ampite yeye kwanza. Tulimweleza kwamba msichana atalala ndani ya gari na sisi watatu tutalala kwenye hema. Akauliza hema lina kufuli gani. Mzee ndiye aliyekata maneno. Aliweka chini bisibisi yake, akanigeuzia uso, akaniambia, "Mpeleke akaone vitu vikubwa. Tangu ana miaka kumi na minne anatazama vitu vidogo."

Basi sasa niwaambie kuhusu rota. Ni kidude cheusi, si kikubwa kuliko kizibo cha chupa, kinachokaa ndani ya distribyuta na kuzunguka kikigawa moto kwa plagi. Kitoe, na gari zima linakuwa sanduku la bati. Gereji niliyojifunzia kazi ilikuwa na desturi yake. Gari la safari ndefu lilikuwa na madereva wawili, na kila waliposimama mahali pa wageni, mmoja alishika ufunguo na mwingine akachomoa rota akaitia mfukoni. Hivyo hakuna mgeni aliyeweza kuliiba, na hakuna dereva aliyeweza kumwacha mwenzake njiani.

Siku tuliyolikabidhi gari kwa watu wa meli ya mizigo, nilifungua boneti, nikachomoa rota, nikaifuta kwa shati langu, nikampa Dakika. Yeye hakujua kuendesha hata baiskeli. Nilimwambia, "Shika wewe. Gari hili haliondoki bila wewe."

Aliigeuza kiganjani kama anavyogeuza saa ya mtu. Akaifunga kwa karatasi laini ya dukani, akaitia mfuko wa koti. "Na rota yako wewe," akauliza, "nani anaishika?"

"Ndiyo hiyo," nikamwambia.

Siku sita majini. Mwalimu alisema huenda shangazi amemtisha. Kijiko alisema huenda ameogopa maji, mbona hata yeye tumbo lake lilikuwa linarudi nyumbani kila wimbi. Mimi nilikaa nyuma ya meli nikitazama povu. Nilifikiria macho yake, nilifikiria sauti yake, nilifikiria ile shingo anayoinamisha upande akisikiliza saa. Mfuko wake wa koti sikuufikiria hata mara moja.

Tulishuka asubuhi. Karatasi za forodha zilikuwa sawa, Mwalimu alikuwa amezipanga kwa rangi. Gari letu tulilikuta nyuma ya ghala, vumbi tupu, na kipande cha mkate wa zamani kimeota ukungu chini ya kiti, yaani hakuna aliyeligusa. Ofisa alituonyesha mlango, akasema ghala linafungwa saa sita na gari lazima liwe nje. Niliketi kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikuwaka. Nikashuka, nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha distribyuta, na mkono wangu ukabaki hapo hapo.

"Nini?" Kijiko akauliza.

Mwalimu alichungulia, na ingawa hakuwa fundi, alikuwa amekaa uani nami Jumapili za miaka mitatu. Alivua miwani akaifuta.

"Rota tulikuwa nazo ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Na ya akiba?"

Tulikuwa na matairi mawili ya akiba, mikanda mitatu, plagi nane, na balbu za kutosha kuwasha mtaa. Rota ya akiba hatukuwa nayo. Ya akiba ingekuwa na maana gani? Maana yote ya rota ilikuwa kwamba ni moja.

Kwa hiyo safari yetu kubwa ilianza kwa miguu. Mwalimu alishika usukani, ramani imekunjwa magotini, mimi na Kijiko tukasukuma kutoka nyuma. Wapakuaji mizigo walituona, wakaja wanne kusaidia, wakicheka kwa lugha yao, na kucheka hakuhitaji mkalimani. Tulipita lango la bandari, tukavuka reli, tukapanda kimlima kidogo, tukaliacha mbele ya duka la kushonea viatu. Kijiko alikaa ukingoni mwa barabara, jasho linamdondoka puani.

"Mimi ningeweza kusukuma gari kule kule nyumbani," alisema. "Bila kutapika siku sita."

Mwalimu alikuwa ameshaliona duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Akaniambia twende tukanunue nyingine, tutakuwa njiani kabla ya saa nane. Nikamwambia sinunui. Alidhani hajasikia vizuri, akarudia. Nami nikarudia.

Tuligombana pale barabarani kama hatujawahi kugombana. Mwalimu alisema ameomba likizo hiyo kwa barua sita. Alisema kila jioni ya miaka kumi na tatu amekuwa akifuta mito ubaoni kwa dasta, na leo amebakiza kuvuka mtaa tu ili aione, nami namzuia kwa kidude cha plastiki. Nilimwambia si cha plastiki tu. Nilimwambia nilichomwahidi Dakika. Akasema ahadi ni ya watu wawili, na mmoja wa hao wawili alishuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, hakusukumwa. Hilo lilinichoma, kwa kuwa ndilo nililokuwa naliwaza tangu siku ya kwanza majini.

Kijiko ndiye aliyetuamua. Alikuwa anamenya yai. "Kuna posta pale," alisema bila kuinua macho. "Muulize mwenyewe. Mkimaliza kubishana kuhusu mtu ambaye ana simu."

Kibanda cha simu kilikuwa cha mbao, kimeandikwa majina ya watu kwa misumari. Nilisubiri, ikaita, ikaita, halafu sauti yake ikaja, karibu kana kwamba yuko nyuma ya ule mlango wa kioo.

"Duka la saa, karibu."

"Ni mimi."

Nyuma yake nilisikia zile saa zote za ukutani.

"Ndiyo, mteja, nimekusikia," alisema. "Kazi yako haijaangaliwa. Piga saa nane mchana."

Simu ikakatwa.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi. Mwalimu, ambaye hasira zake hazijawahi kudumu zaidi ya kipindi kimoja cha shule, aliniuliza amesema nini, nikamwambia. Akachukua bahasha, akachora jua na dunia, akapiga hesabu ya tofauti ya saa, akaniambia saa nane ya kule ni saa kumi ya huku, hana shaka. Kisha akakaa nami. Siku sita majini zilipita. Yale masaa ya benchi la posta sijui kama yamekwisha hadi leo. Mteja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja mwaka mzima, na hakuna siku aliyoniita mteja.

Saa kumi nikaingia tena kibandani. Aliinua kabla haijaita mara ya pili.

"Mzee amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Nina robo saa."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kiungwana. Yalitoka mengine. "Umeniacha."

"Nilikwambia mtangulie."

"Kutangulia wapi, Dakika? Gari haliwaki. Rota unayo wewe."

Nikamsikia akicheka, kicheko kidogo kilichokatika katikati. "Iko mfukoni. Nimekuwa nikiishika siku zote hizi. Sikukumbuka kwamba ina kazi nyingine."

Nikaegemeza kichwa kwenye zile mbao zenye majina ya watu.

"Ulimwona baba akitazama saa yake pale gatini?" akaniuliza.

"Nilimwona."

"Akasema saa ngapi?"

Nilikumbuka. Mzee alikuwa amesimama juani, amenyoosha mkono, ameitazama saa kwa utulivu wa fundi, akatuambia tusiwe na haraka, ni saa tatu na dakika ishirini, muda tunao tele. Tena aliniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa nahangaika na masanduku.

"Saa tatu na ishirini."

"Na ilikuwa saa ngapi?"

Honi ya kwanza ilikuwa imeshapigwa. Meli ile iliondoka saa nne kamili. "Nne kasoro kumi," nikasema, na nilipolisema ndipo nikaelewa.

"Alikisia," alisema Dakika. "Jua limeangukia kioo, saa iko nusu mkono kutoka usoni, na alikisia. Baba yangu. Nilikuwa nimeshapanda vidato vitatu, nikageuka kumwambia kwaheri, nikamwona anatabasamu akiangalia mahali ambapo sikuwa nimesimama."

Aliniambia mengine haraka haraka. Kwamba kwa miezi kadhaa yeye Dakika alikuwa akizirudia kwa siri saa alizofunga mzee, kabla ya kumpa mwenyewe, akidhani ni mikono ya mzee imezeeka. Kwamba kumbe mzee alikuwa anafanya kazi kwa vidole na masikio, na anahesabu hatua kutoka kitandani hadi kaunta. Hakumwambia mtu. Alilificha ili binti yake aende.

"Basi narudi," nikasema. "Kuna meli Alhamisi. Nitakaa dukani, nitafagia, nitafanya lolote."

"Usirudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimemwambia baba tumegombana. Nimemwambia nilifika kwenye ngazi nikaona siwezi kuishi na mtu asiyekaa mahali pamoja, nikashuka. Shangazi amefurahi, ananikumbusha kila mlo kwamba alisema. Na baba ameamini. Akijua nimebaki kwa ajili ya macho yake, hatalala tena. Ataniambia niende, nami sitakwenda, na tutaishi humu ndani kila mmoja anamwomba mwenzake msamaha. Ukija wewe na uso wako huo, atajua kabla hujavuta kiti."

"Haoni. Atajuaje?"

"Atasikia jinsi utakavyosema shikamoo."

Nilijua ni kweli. Mzee yule angeweza kukwambia gurudumu gani la saa lina jino lililolika kwa kusikiliza tu.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya," nikasema.

"Wewe ndiye mbaya. Uliyeondoka bila kugeuka. Unaweza?"

"Kwa muda gani?"

"Muda atakaoishi. Nami namwombea aishi sana. Nakwambia ukweli, ili usije ukasema nilikudanganya."

Mtu wa nje alikuwa anagonga kioo kwa sarafu, anataka simu. Nilimgeuzia mgongo. Nilitaka kumwambia kwamba nampenda, lakini hilo alilijua, na robo saa ilikuwa inakwisha.

"Nilisema gari halitaondoka bila wewe."

"Gari ni la Mwalimu pia, na la Kijiko. Usiwafunge wao kwa kamba yetu. Nunua rota nyingine. Hii nitaitia kwenye bahasha, niandike jina lako, niweke droo ya chini. Unaijua ile droo."

"Naijua."

"Basi utakuja kuichukua."

"Sina risiti."

"Nitakuuliza maswali."

Nikasikia kikohozi cha mzee kwa mbali, na kitanda. Dakika alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Gurudumu."

"Naam."

"Tangulieni."

Nilinunua rota. Mwenye duka aliniwekea kwenye kiboksi kidogo cha karatasi, kitu kipya kinang'aa, hakijawahi kuahidiwa mtu. Niliipachika, nikafunga kifuniko, nikageuza ufunguo, na gari likawaka mara moja kana kwamba lilikuwa linatusubiri sisi tu. Lilinukia mkate. Fundi viatu alitoka akapiga makofi.

Nilitegemea Mwalimu afungue ramani. Hakuifungua. Alikwenda kukaa nyuma, kwenye masanduku, na Kijiko akapenya kando yake ingawa hapakuwa na nafasi ya mtu wa mwili ule. Kiti cha pembeni yangu wakakiacha wazi. Hawakuambizana. Tuliendesha hivyo alasiri yote, barabara imenyooka, mashamba pande mbili, kiti kitupu kinatikisika kila shimo. Kijiko alinipitishia yai begani, limetiwa chumvi sawasawa.

Siku ya pili saa nne asubuhi Kijiko alihamia mbele. Alisema anamheshimu sana Dakika lakini miguu yake imekufa.

Ile safari tuliimaliza siku ya hamsini na nne. Gia zilivunjika tukiwa tunaiona bahari ya pili, tukatembea kilomita tisa za mwisho. Gari tulimpa mwenye bustani mmoja, akalifanya stoo ya majembe.

Mwalimu alirudi nyumbani ndani ya likizo yake, akabakiza siku mbili. Alifundisha jiografia hadi alipostaafu, na vipindi vyake vilikuwa havimaliziki kwa wakati. Yuko hai, anaishi na mwanawe, hasikii vizuri.

Kijiko hakurudi. Alipata kazi ya kupika melini, kisha akafungua mkahawa wake bandarini, karibu na lile ghala. Alioa huko, akapata mapacha. Moyo ulimsimama akiwa na miaka hamsini na moja.

Mimi niliendesha malori katika nchi tatu kwa miaka minane. Sikuandika barua.

Mzee aliishi miaka minane hiyo yote. Aliyenipasha habari za msiba alikuwa shangazi, kwa barua aliyoipitisha kwa Kijiko. Aliandika kwamba kaka yake alifariki kwa amani, na kwamba tangu wiki ile ya kwanza alikuwa amemwambia yeye shangazi maneno haya, nami nayaweka kama yalivyokuwa: "Mtoto alishuka kwa sababu ya saa yangu, na yule kijana ameondoka kwa sababu ya mtoto. Wamejitahidi sana kunidanganya. Usiwaharibie." Shangazi aliandika pia kwamba bado hanipendi, lakini chumba cha uani kiko wazi.

Nilirudi mwezi uliofuata. Nilikwenda dukani asubuhi, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Dakika aliniuliza maswali matatu: kitu chenyewe ni cha rangi gani, kiliachwa siku gani, na kilikuwa na kazi gani. Kwa la tatu nilinyoosha mkono tu. Alinipa bahasha hivyo hivyo. Tulifunga ndoa mwaka huo. Hatukupata watoto.

Sikutulia. Niliendelea kuondoka na kurudi, miezi mitatu huku, miezi miwili kule, na kila nilipokuwa nyumbani rota ya gari langu ililala kwake. Ng'ambo tulikwenda pamoja mara moja, kwa ndege, wiki mbili. Alipenda milima, hakupenda vitanda.

Shangazi alifariki akiwa na miaka tisini na miwili, akiwa ameshanisamehe kwa nusu.

Dakika alifariki miaka minne iliyopita, hospitalini, mwezi wa pili. Duka nimempangisha mtu anayeuza miwani. Droo ya chini nilimwomba asiiguse, na haigusi. Bahasha ya ile rota ninayo mimi. Gari ninalo pia, jipya, liko uani, na betri naichaji kila wiki. Magari ya siku hizi hayana rota. Linaweza kuondoka wakati wowote.